Nyumba Isiyoitika Hodi

"Bi Mwanatumu, mbona mlango wako huufungi?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimesimama kizingitini kwake na sahani ya mahamri niliyotumwa na mama. Nilimwuliza kwa mdomo, tena kwa sauti ya juu, kama kila mtu kijijini kwetu Majoreni anavyozungumza naye. Aliniangalia midomo, akaniangalia meno, akacheka. Kisha akagusa jino lake la mbele kwa kidole, akanielekezea mimi. Wakati huo nilikuwa na pengo la meno mawili. Tangu siku hiyo jina langu kwake ni hilo, kidole kwenye jino. Meno yameota zamani na jina halijabadilika.

Jibu sikulipata. Alipokea mahamri, akanirudishia sahani na ndizi mbili ndani yake, maana kwetu sahani hairudi tupu.

Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na kichochoro ambacho mbuzi wawili hawapishani. Ni nyumba ya udongo na makuti, ina baraza mbele na ua nyuma, na yeye hushinda uani akisuka ukili wa mikeka. Surua ilimchukua masikio akiwa hajajua hata kutamka jina lake. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na mamake alikataa katakata kumpeleka mtoto wake wa pekee akalelewe na watu asiowajua. Basi wakabaki wawili, mama na mtoto, wakatengeneza lugha yao wenyewe.

Mimi lugha hiyo nimeijua nusu, na hiyo nusu yenyewe hunistaajabisha mpaka leo. Kidole puani, pale pa kipini, ni mamake. Viganja viwili usoni, kama mtu anayemaliza kuomba dua, ni Ijumaa. Kusukuma chapati ni mama yangu, ambaye naapa hakupika chapati zaidi ya watu wengine, lakini jina limeshika. Kila samaki ana ishara yake, na yule samaki aitwaye changu, nikimwona sokoni mpaka leo mkono wangu hujikunja wenyewe.

Mamake alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Hebu fikiria lugha yenye watu wawili duniani, halafu mmoja afe. Mimi nilikuwa nikilifikiria jambo hili darasani, mwalimu akifundisha mambo mengine kabisa. Nikienda kwake, dakika za kwanza mikono yake huenda mbio, maneno ya wiki nzima yakitoka kwa pamoja. Kisha huona nimeachwa njiani, na mikono hupunguza mwendo polepole kama feni umeme ukikatika.

Hata misiba hufika kwa kuchelewa. Si kwamba watu hawampendi. Ni kwamba habari kwetu hutembea kwa midomo, na hakuna anayekumbuka kwenda kumwambia. Yeye huona wanawake wanapita na mabusati, akajifunga leso akawafuata. Mara moja aliwafuata hivyo, uso ameuweka wa huzuni, kumbe wanaenda kwenye mkutano wa mgombea udiwani. Alirudi na kofia ya kampeni. Kijiji kilicheka mwezi mzima, na yeye akacheka pia alipoelewa, ingawa alielewa wa mwisho.

Na mlango wake, alfajiri mpaka isha, u wazi.

"Yule mlango wake kama wa duka," mamake Adnan, jirani wa upande wa pili, alikuwa akilalamika, ingawa mbuzi aliyeingia siku moja akala ukili wa wiki nzima alikuwa wake yeye mwenyewe.

Mlango u wazi, lakini watu hawaingii. Kwetu mtu hupiga hodi. Asipoitikiwa hupiga ya pili, asipoitikiwa hupiga ya tatu, na baada ya hapo hugeuka akaenda zake. Ndiyo adabu. Tumefundishwa hivyo nyumbani na kwenye chuo cha Kurani. Nyumba ya watu haichunguliwi, haiingiwi, hasa ikiwa yawezekana mna mwanamke peke yake. Basi watu husimama barazani kwa Bi Mwanatumu, hodi, hodi, hodi, naye yuko uani anasuka, na wao huondoka kwa heshima zao zote.

Mwaka niliokuwa darasa la nane, serikali ilileta maafisa wa ardhi kupita nyumba kwa nyumba. Eneo letu lilikuwa linapimwa ili watu wapate hati, maana sisi sote tulikaa pale enzi na enzi bila karatasi. Kila nyumba iandikwe mwenyewe, ipewe namba ya rangi nyekundu ukutani. Nyumba itakayokosa mtu wa kujibu, chifu alitangaza kwa kipaza sauti, itahesabiwa haina mwenyewe. Alitangaza kwa kipaza sauti, naam.

Mimi na mama tulikuwa barazani kwetu tunachambua mchele walipofika kwa Bi Mwanatumu. Walikuwa wawili. Bwana Kaingu, mtu mzima wa Kilifi, mtaratibu, amevaa koti la kaunda juani. Na kijana wa bara aitwaye Japheth, aliyebeba tableti na kopo la rangi.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Bwana Kaingu akaita.

Hakutoka mtu.

"Mzee, si mlango uko wazi? Ingia tu," Japheth akasema.

"Nyumba ya watu haiingiwi hivyo. Kwani kwenu mwaingia tu?"

"Kwetu mlango ukiwa wazi ni mtu yuko."

"Na hapa mlango ukiwa wazi, ni mlango uko wazi. Hodi!"

Akapiga ya tatu, akangoja kidogo, akageuka. Japheth alikuwa ameshachovya brashi.

"Yumo!" mama akaruka na mchele ukamwagika. "Yumo, baba zangu, ngojeni! Yuko uani."

"Mbona haitiki?"

"Hasikii. Ni kiziwi."

Mama akapita ndani moja kwa moja, akatoka naye. Bi Mwanatumu alikuja akijifunga leso, kipande cha ukili bado ki mdomoni. Alipoona koti na tableti na rangi, uso ulimng'aa. Alikuwa ameona kuta za jirani zikiandikwa namba tangu asubuhi ya jana, na alikuwa ameniuliza hizo ni nini. Nilimwambia kadiri nilivyoweza: serikali, nyumba, yako, yangu, ya kila mtu. Alielewa. Ile nyumba mamake aliijenga kwa mikono yake baada ya kuachwa, na akamwachia yeye. Kuandikwa alikutaka kuliko yeyote kijijini.

"Shikamoo, mama," Bwana Kaingu akasema, akainama.

Bi Mwanatumu akaweka mkono kifuani. Bwana Kaingu akaendelea kungoja marahaba, mpaka nikamwonea huruma.

"Anajua kusoma?" Japheth akauliza. Bila kungoja jibu akaandika swali kwenye tableti kwa herufi kubwa, akamwelekezea. Bi Mwanatumu akajiangalia kwenye kioo, akatengeneza leso, akasimama wima apigwe picha.

Japheth akacheka. Mimi pia nilicheka, na Bi Mwanatumu akacheka kwa kuwa sisi twacheka.

"Sasa," Bwana Kaingu akamgeukia mama, "nani humjibia huyu?"

Hapo ndipo jambo lilipopinda. Si kwa ubaya wa mtu. Mama alitaka kusaidia, na kwetu mtu asiyeweza kusema husemewa. Huo nao ni wema.

"Ana kaka yake kwa baba, Mbwana, yuko Ukunda. Nina namba yake."

Wakampigia. Bwana Kaingu akaishika simu mbele yake, sauti imefunguliwa, sote tukaizunguka, na Bi Mwanatumu katikati yetu.

"Ee, nyumba ni ya kwetu hiyo," Mbwana alisema. "Dada yangu nimemwacha humo. Namwangalia mimi."

"Kwa hiyo niandike mwenyewe ni nani?"

"Niandike mimi. Yeye utamwandikaje? Hawezi hata kukwambia jina lake."

Bwana Kaingu akamtupia jicho Bi Mwanatumu, kama anayemwomba radhi, na kidole kikaanza kwenda.

"Lakini nyumba ilikuwa ya mamake," mama akasema, safari hii taratibu. "Mbwana mamake ni mwingine."

"Hayo, mama, mtayamaliza kifamilia. Mimi nataka mtu wa kujibu."

Midomo ya watu Bi Mwanatumu huisoma kidogo. Lakini simu haina mdomo. Aliitazama ile simu, akaitazama mikono yetu, akakitazama kidole cha Bwana Kaingu kikigonga kioo. Kidole kiliposimama, Japheth akapaka namba ukutani. Basi Bi Mwanatumu akatabasamu, akakimbilia ndani, akawatolea kahawa na kashata, mmoja kwa kikombe na mwingine kwa bakuli. Walikunywa wamesimama. Walimshukuru kwa sauti. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake kabla wala baada, na mama alikuwa ameinama anaokota mchele punje kwa punje.

"Nimwambie kilichoandikwa?" nilimwuliza mama. "Ngoja kwanza," mama akasema. "Mbwana si mtu mbaya."

Na kweli hakuwa mbaya. Kila Idi alikuja na sukari na unga, akakaa na dada yake barazani asubuhi nzima. Hakujua ishara hata moja, lakini alikaa. Hakuna ndugu mwingine aliyekuwa akimjia.

Safari hii alikuja wakati si wa Idi, akiwa na fundi na futi ya kupimia. Wafanyakazi wa bandari ya samaki ya Shimoni walikuwa wanatafuta nyumba za kupanga, na yeye alikuwa amepiga hesabu zake: atoe makuti aweke mabati, agawe vyumba, na dada yake amjengee chumba kule nyuma kilipo choo.

"NITAKUJENGEA CHUMBA!" alimpigia kelele, kama kelele zinasaidia. "CHAKO! KIZURI!"

Bi Mwanatumu aliona futi inavutwa kutoka ukuta mpaka ukuta. Akaishika ncha yake, hakuiachia. Fundi akavuta, na yeye akavuta.

"Mbwana, ongea na dadako," fundi akasema.

"Ndiyo naongea!"

Jioni hiyo alikuja kwetu. Hakukaa. Alisimama mbele yangu akafanya kidole kinachoandika kwenye kiganja, akaonyesha nyumba, akajigusa kifua, akainua nyusi. Waliniandika mimi?

Nikamwambia, hapana. Nikajishika kidevu. Ndevu. Hilo ndilo jina la Mbwana.

Akauliza tena, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia. Kidole, kiganja, nyumba, kifua. Nikajishika kidevu tena. Akauliza mara nyingine, polepole kabisa, kama anavyonisemesha nisipoelewa. Mama aliyekuwa mlangoni akaingia ndani akatoka na buibui. "Twende kwa chifu," akasema. "Ule mdomo wa siku ile ulikuwa wangu, na mimi ndiye nitakayeurudisha."

Kikao kikawekwa ofisini kwa chifu. Mbwana alikuja, Bwana Kaingu na Japheth wakaja, na kijiji kikaja kusimama madirishani, maana siku hiyo pweza wa kuvua hawakuwa wengi. Na kutoka Kwale mjini akaletwa mkalimani wa lugha ya ishara, dada mmoja mrefu aitwaye Beryl. Mimi sikuwa nimewahi kuona mkalimani. Mikono yake ilikuwa mizuri, myepesi, vidole vyote vinasema, na uso nao unasema. Nikajiambia, leo Bi Mwanatumu atapata mtu wa kuzungumza naye! Nilifurahi mpaka nikasahau kesi.

Beryl akamsalimu. Akamwuliza jina. Akamwuliza tena kwa namna nyingine. Bi Mwanatumu aliitazama ile mikono jinsi mimi ninavyoutazama ubao wa hesabu. Akajaribu yeye, kidole puani, nyumba, kulala. Beryl akatikisa kichwa. Wakatazamana wanawake wawili wanaozungumza kwa mikono, na hakuna kilichopita baina yao.

"Si mnaona?" Mbwana akasema. "Hata ishara zenyewe hajui. Nimesema tangu mwanzo."

"Ngoja, kaka," Beryl akasema, na hapo akatumia mdomo. "Mimi natumia ishara za shuleni. Huyu mama hakupelekwa shule, lugha yake ni ya nyumbani. Kama nyinyi wote mko hapa na nyinyi hamjui ishara zake, na mimi sijui, sasa ni yeye peke yake ndiye hajui?"

Mtu dirishani akasema, "Hapo umenena, dada."

Mimi nilinyoosha mkono kusema, lakini chifu akasema mtoto hawezi kuwa shahidi wa mambo ya ardhi. Basi wote wakakwama. Bi Mwanatumu akatuangalia mmoja mmoja. Sijui alisoma nini katika nyuso zetu. Alisimama, akajifunga leso, akatoka, akashika njia ya nyumbani.

"Aenda wapi?" chifu akauliza.

"Mfuateni," Beryl akasema. "Labda ana cha kuonyesha."

Tukamfuata, Bwana Kaingu mbele na koti lake, kijiji nyuma. Tulipofika, yeye alikuwa ameshaingia. Mlango u wazi. Na Bwana Kaingu, wallahi, akasimama barazani akaita, "Hodi!"

Watu wakaangua kicheko. "Mwambie kwa barua!" mmoja akapiga kelele.

"Hodi," Bwana Kaingu akarudia, kwa sauti ya chini, amejiinamia. Hakuwa anafanya mzaha. Mguu haukumpeleka. Mtu mzima wa heshima, nyumba ya mwanamke, watu wote wanamwona. Angesimama pale mpaka magharibi.

Bi Mwanatumu akatokea mlangoni. Akamwona alivyosimama, akamkamata mkono wa koti, akamvuta ndani.

"Astaghfirullah!" mamake Adnan akasema, lakini alisogea mbele aone vizuri.

Beryl akaingia, mama akaingia, na mimi nikajipenyeza. Kulikuwa na nini? Hakuna kitu. Kitanda kimoja cha kamba, upande mmoja umebonyea. Nguo za mwanamke mmoja kwenye kamba. Kikombe kimoja, bakuli moja, kijiko kimoja kwenye kichanja. Mkeka umefika nusu. Ukutani buibui la zamani la mamake, limetundikwa msumarini, halina vumbi. Bi Mwanatumu alimpitisha Bwana Kaingu kila kona, amemshika ile ile sehemu ya koti, akimgusisha mkono kitandani, kwenye kikombe, kwenye mkeka. Hakufanya ishara hata moja. Bwana Kaingu alikwenda anakovutwa. Alipotoka alikuwa ametoa miwani anaifuta.

"Mbwana," akasema, "ukija kulala hapa, hulala wapi?"

"Mimi niko Ukunda."

"Nimeuliza ukija."

Mbwana alijishika kidevu.

"Japheth, fungua hiyo nyumba tena. Futa jina. Andika Mwanatumu." Akamgeukia mama. "Mwanatumu binti nani?"

Safari hii mama alimtazama kwanza Bi Mwanatumu, akaweka kidole puani, ishara pekee aliyoijua, akangoja aitikie kwa kichwa ndipo akalitaja jina la marehemu mamake.

Mwenyewe akaweka dole gumba kwenye kioo cha tableti. Kisha akaniangalia mimi. Kidole, kiganja, nyumba, kifua? Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena. Ndiyo! Wanawake wakapiga vigelegele, na yeye akavitazama vile vinywa vilivyofunguka.

Mbwana aliondoka bila kunywa hata maji. "Haya," alisema, "amepata serikali, basi serikali na imwangalie."

Idi ile hakuja. Wala iliyofuata. Bi Mwanatumu alipika pilau ya watu wawili, akakaa barazani tangu watu walipotoka kusali mpaka jua likamhamisha. Nilimpitia na sahani yetu. Akajishika kidevu, akainua nyusi. Nikainua mabega. Sikujua ishara ya kumwambia kuwa ameshinda nyumba na ndugu ameondoka na hasira. Labda alijua bila mimi.

Sasa niko kidato cha pili, nasoma bweni Msambweni. Nikirudi likizo mikono yangu imekuwa mizito, na maneno mengine nimeyasahau. Yeye hunisubiri, huyarudia, kama mtu anayemrudishia mgeni vitu vyake kimoja kimoja. Namba nyekundu bado iko ukutani. Maafisa wengine wamepita tangu hapo, wa vyandarua, wa dawa za matende, wa kuhesabu mifugo. Husimama barazani. Nikiwa nyumbani husikia hodi zao kutoka kwetu, moja, mbili, tatu, kisha nyayo zikiondoka, na mama hukimbia kama yuko karibu. Akiwa hayuko karibu, basi.

Likizo ya Agosti nilikaa naye uani tukisuka, mimi vibaya, yeye akifumua nilichosuka. Kupitia ukumbi niliona mlango wa mbele, wazi, na watu wakipita njiani. Nikaweka ukili chini, nikamwuliza kwa mikono lile swali la darasa la pili. Mlango. Kila siku, wazi. Kwa nini?

Alinishangaa, kama nimeuliza maji ni ya nini. Akafuta mikono kwenye leso ili aseme vizuri, akajibu taratibu nisiachwe njiani:

"Ili mtu aingie. Asiniite. Aingie tu."